SIMA YA JINO: NAMNA INAVYOKAMATANA NA JINO LA MUTOTO WAKO



Siku ya kupima watoto unatuletea mutoto juu ya kilo zake, juu ya sindano, juu ya kikohozi. Pengine muganga anamwambia mutoto: «Fungua kinywa.» Hapo anaona tundu dogo jeusi katika jino, naye anakuambia: «Mama, tuzibe hili jino kwa sima.»

Wamama wengi wanakubali. Wengine wanauliza: «Sima gani? Ile ya kujengea nyumba? Itakamata namna gani ndani ya kinywa, mahali pa mate kila saa? Tena ni meno ya maziwa tu, itaanguka yenyewe.»

Maulizo hayo ni mazuri, na tunataka kuyajibu hapa. Mama akijua namna sima inavyokamatana na jino, atajua sababu gani tunamwomba kuja mapema, mbele ya maumivu. Atajua pia sababu gani tunamwomba kumushika mutoto vizuri kwa dakika chache. Sima nyingi zinazoanguka hazikuanguka kwa sababu ya dawa mbaya. Zilianguka kwa sababu hazikupata nafasi ya kukamata.

1. JINO LIMETENGENEZWA NAMNA GANI?

Mungu aliumba jino kuwa kitu kigumu kupita vyote katika mwili, hata kupita mufupa. Ganda lake la inje, lile jeupe linalongaa, karibu lote ni madini. Ukipima gramu 100 za ganda hilo, gramu 96 hivi ni madini. Madini hayo yana chokaa ndani yake, ambayo waganga wanaiita kalsiumu. Ushike jina hili la chokaa, maana tutalirudilia.

Chini ya ganda kuna sehemu ya pili, ya rangi ya manjano kidogo. Hii haiko ngumu kama ganda. Ina vitundu vidogo sana, macho hayawezi kuviona, na ndani ya vitundu hivyo kuna maji maji. Katikati kabisa kuna nyama laini yenye damu na mishipa. Pale ndipo maumivu yanapokaa. Wakati ubovu haujafika pale, mutoto hasikii kitu, anacheka na kucheza. Kwa hiyo usingojee mutoto alie ndipo uangalie kinywa chake.

2. TUNDU LINATOKA WAPI?

Watu wanasema ni mududu anayekula jino. Hakuna mududu wa kuonekana. Kuna vijidudu vidogo sana vinavyokaa juu ya meno, katika ule utando mweupe unaoweza kuukwangua kwa ukucha. Mutoto akila bonboni, biskuti, ao chai ya sukari nyingi, vijidudu nao wanakula. Kisha wanatoa asidi.

Sisi watu wa Likasi tunajua asidi. Kwa miaka mingi kiwanda cha Shituru kimetumia asidi kali kwa kutoa shaba ndani ya mawe. Jiwe ni gumu, lakini asidi inaingia na kuondoa madini yake. Asidi ya kinywani haiko kali kama ile ya kiwanda, lakini inafanya kazi ya namna moja: inaondoa chokaa katika ganda la jino, kidogo kidogo. Kisha kula sukari, kazi hiyo inaendelea karibu nusu saa. Mutoto anayelamba bonboni kutoka asubuhi mpaka mangaribi, meno yake hayapumziki hata kidogo.

Ufanye jaribu hili nyumbani. Ukiisha kupika yai, usitupe ganda. Utie kipande katika kopo yenye vinegre ao maji ya ndimu. Utaona povu ndogo ndogo zikitoka. Kesho yake ushike ganda kwa kidole: limelegea. Yai limepoteza chokaa yake. Waonyeshe watoto, watafahamu kupita maneno mengi.

3. SIMA ZA ZAMANI NA SIMA YA SASA

Sima ya jino si ile ya mufuko inayotoka Lubudi. Jina ni moja kwa sababu zote mbili ni unga unaochanganywa na maji maji, kisha unakuwa mugumu kama jiwe.

Sima za kwanza za meno zilitumia unga wa zinki. Zinki ni madini tunayoyajua hapa Katanga, ndiyo yanayochimbwa Kipushi. Sima moja ya zamani inachanganya unga huo na asidi ya fosfori. Hii haikamatani na jino lenyewe. Inaingia tu katika mikwaruzo ya tundu na kukwama pale, kama vile udongo unavyokwama katika ufa wa ukuta. Nyingine inachanganya unga wa zinki na mafuta ya karafuu, yale yanayotoka katika karafuu kama za Zanzibari. Hii inatuliza maumivu, na waganga wanaitumia hata leo, lakini kwa muda tu. Haina nguvu ya kukaa miaka.

Mwaka 1968, kule Manchester katika Uingereza, mwalimu mumoja jina lake Dennis Smith alitangaza sima ya zinki yenye asidi ya namna mupya. Hii ilikuwa ya kwanza kukamatana na jino lenyewe. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Alan Wilson na Brian Kent wa London waliondoa unga wa zinki na kutia unga wa kioo. Ndiyo sima tunayotaka kukueleza, ile inayoitwa glasi ionomeri. Sisi tutaiita sima ya kioo.

Usiogope neno kioo. Si vipande vya chupa. Ni unga laini sana, kama unga wa bukari uliochekechwa vizuri, na hauchomi ufizi wala ulimi.

4. MIKONO YA SIMA

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Sima ya kioo inakamata jino namna gani?

Yale maji maji ya sima yana asidi moja isiyo kali. Asidi hiyo iko kama kamba ndefu, na kando ya kamba yote kuna mikono mingi midogo. Kila mukono unatafuta kitu cha kushika, na kile unachokipenda sana ni chokaa na madini ya namna hiyo.

Muganga akichanganya unga na maji maji, mikono inaanza kazi mara moja. Mingine inashika vipande vya unga wa kioo. Kamba zinafungana na kioo, na sima inaanza kuwa ngumu. Muganga akiitia katika tundu wakati huo huo, mikono mingine inakuta chokaa ya jino. Inaishika. Kwa hivi kamba moja inashika kioo upande huu na jino upande ule. Sima na jino vinakamatana, si kwa kukwama tu, ni kwa kushikana mikono.

Ona basi hekima yake: chokaa ile ile ambayo asidi ya sukari iliiondoa, ndiyo sima inayoitafuta kwa kushika. Jino lililobaki na sehemu ngumu nyingi lina chokaa nyingi ya kushikwa. Jino lililooza karibu lote halina kitu cha kutoa. Mutoto mwenye tundu dogo, sima yake inaweza kukaa miaka. Mutoto mwenye tundu kubwa linalokula pande mbili za jino, sima yake inavunjika upesi zaidi, hata ikitiwa na fundi hodari.

Faida nyingine: unga ule wa kioo una fluori ndani yake. Fluori inatoka kidogo kidogo, siku kwa siku, na kusaidia jino kusimama mbele ya asidi.

5. VITU VINAVYOZUIA SIMA KUKAMATA

Umeona fundi anayejenga kwa matofali ya kuchoma. Mbele ya kupanga tofali anapangusa mavumbi, na kama tofali ni kavu sana analilowesha kidogo. Akitia sima juu ya mavumbi, ukuta unasimama leo, kesho unaachana. Jino nalo ni vile.

Kitu cha kwanza ni ubovu laini. Mikono ya sima ikishika ubovu, inashika kitu ambacho hakishiki jino. Kwa hiyo muganga anakwangua ubovu laini kwa vyuma vidogo mpaka kufika mahali pagumu.

Kitu cha pili ni mate na damu. Jino lisikauke kabisa kabisa, kwa sababu sima hii inapenda unyevu kidogo. Lakini mate yanatandaza utando juu ya jino, na mikono ya sima inashika utando ule pahali pa jino. Damu inafanya vile vile. Tena mate mengi yakifika juu ya sima ambayo haijawa ngumu, yanaondoa madini yake, na sima inabaki zaifu.

Kitu cha tatu ni kukawia. Sima ikiisha kuchanganywa inangaa kama mafuta. Kungaa kule kunaonyesha kwamba kungali na mikono isiyoshika kitu. Nyuma ya dakika mbili hivi inaacha kungaa. Hapo mikono yote imekwisha kushika kioo, hakuna iliyobaki kwa jino. Kwa hiyo mama, usishangae ukiona muganga anatupa sima na kuchanganya nyingine kwa sababu mutoto alifunga kinywa. Haiko kupoteza mali. Ile sima ya kwanza ingeanguka.

6. KAZI YA MUGANGA NA KAZI YA MAMA

Katikati ya miaka ya 1980, kule Tanzania, waganga wa meno pamoja na Jo Frencken, mutu wa Uholanzi, walianza kazi ya kuziba meno kwa vyuma vya mukono tu, bila mashine na bila umeme. Tarehe 7 mwezi wa 4 mwaka 1994, Siku ya Afya ya Dunia, shirika la afya la mataifa yote, ni kusema OMS, lilitangaza njia hiyo kwa inchi zote. Na mwaka 2021 OMS ilitia sima ya kioo katika orodha yake ya dawa za lazima. Kwa hivi usifikiri tunakupa kitu cha maskini. Ni kazi inayoheshimiwa.

Muganga anafanya hivi:
– Anatia pamba kando ya jino kwa kunyonya mate.
– Anakwangua ubovu laini. Mara nyingi sindano ya ganzi haiombwi.
– Anapangusa tundu kwa asidi laini ya sima, kwa sekunde 10 mpaka 15, ili chokaa ya jino ionekane wazi. Kisha anaosha kwa pamba yenye maji na kukausha kwa pamba kavu.
– Anachanganya sima upesi, anaitia, na kuisukuma kwa kidole chenye vazelini.
– Anaangalia kama mutoto anauma vizuri, anaondoa sima iliyozidi, na kupaka vazelini juu yake. Vazelini inazuia mate kuingia na inazuia sima kukauka na kupasuka.

Mama, kazi yako ni hii:
– Mulishe mutoto mbele ya kuja. Mutoto mwenye njaa hatulii.
– Usimutishe kwa kusema: «Munganga atakutoboa!» Mwambie: «Munganga atasafisha lino yako, kisha atalifunga.»
– Shika kichwa chake kwa mikono miwili, kwa upole, hasa wakati muganga anapochanganya sima. Dakika tano zile ndizo zinazoamua kama sima itakaa ao itaanguka.
– Kisha kazi, mutoto asile kitu kwa saa moja. Siku ile asitafune upande ule vitu vigumu kama mifupa, muwa ao mahindi ya kuchoma. Sima inazidi kupata nguvu mpaka kesho yake.

7. SIMA NYEUPE YA TAA, NA KUZIBA KWA RANGI YA FEDHA

Katika vyumba vingine vya waganga wa meno utaona sima nyeupe inayokaushwa kwa taa ya buluu. Hii inakamata kwa njia nyingine. Mwaka 1955, Michael Buonocore katika Marekani alionyesha kwamba asidi ya fosfori, ikitiwa juu ya ganda la jino kwa muda mufupi, inatoboa vitundu vidogo sana. Dawa ikiingia katika vitundu hivyo na kuwa ngumu, inashika kama mizizi ya muti. Ni kazi nzuri na yenye nguvu, lakini inaomba umeme, na inaomba jino likae kavu kabisa. Mutoto mudogo hawezi kuvumilia vile kwa urahisi.

Kuna tena ile ya rangi ya fedha, yenye zebaki. Hii haikamatani na jino. Inakwama tu, kwa hiyo inaomba kukata tundu kubwa. Mwaka 2022 inchi za mapatano ya Minamata zilikubaliana kwamba isitumiwe kwa watoto wa chini ya miaka 15, wala kwa wamama wenye mimba ao wanaonyonyesha, isipokuwa muganga ameona lazima. Kama uko na mimba, umwambie muganga wa meno mbele hajaanza.

8. «NI MENO YA MAZIWA TU»

Meno ya maziwa ni 20. Ni kweli yataanguka. Lakini yale ya nyuma yanangoja mpaka mutoto ana miaka 10 ao 12. Mutoto wa miaka minne mwenye jino bovu la nyuma, atatafuna kwa maumivu miaka sita ao saba. Hatakula vizuri, hatalala vizuri, na usaha wa jino la maziwa unaweza kuharibu jino kubwa linalongoja chini yake.

Tena kuna jambo moja linalodanganya wamama wengi. Mutoto akifika miaka sita, jino kubwa linatoka nyuma kabisa ya meno ya maziwa. Hakuna jino lililoanguka mbele yake. Mama anafikiri hili nalo ni la maziwa, anasema: «Wacha ioze, itaanguka.» Mama, hilo halitaanguka kwa kupisha lingine! Likitolewa leo, mutoto wako atakuwa na pengo mpaka uzee. Basi, mutoto akifika miaka sita, mulete tumuangalie. Jino hilo likiwa na tundu dogo tu, sima inaweza kuliokoa.

9. WAKATI SIMA PEKE YAKE HAITOSHI

Ubovu ukiisha kufika kwenye nyama ya katikati, kufunga juu ni kufungia usaha ndani. Alama zake ni hizi: mutoto analia usiku, maumivu yanakaa saa nyingi, ao kuna kipele cha usaha katika ufizi. Mulete, muganga ataamua kama jino litolewe.

Lakini kama uso umevimba, kama mutoto ana homa, hawezi kufungua kinywa, anashindwa kumeza ao kupumua vizuri, usingojee siku ya kliniki. Kimbia naye hospitali saa ile ile, hata usiku. Ugonjwa wa jino unaweza kuua.

Usitie katika jino asidi ya batri, petroli, tumbako, ao kole. Asidi ya batri inachoma ufizi na ulimi, na inamaliza ile chokaa iliyobaki ya kushikwa na sima. Aspirini nayo ikiwekwa juu ya ufizi inauchoma, na mutoto mudogo haimufai hata kwa kumeza.

10. KULINDA NI BORA

Sima inaziba tundu moja. Haizuii tundu la pili. Safisha meno ya mutoto kwa brosi asubuhi na usiku mbele ya kulala, tangu jino la kwanza. Tumia dawa ya meno yenye fluori: mutoto wa chini ya miaka mitatu, kiasi cha punje ya muchele; kutoka miaka mitatu mpaka sita, kiasi cha punje ya mbaazi. Ateme, lakini asioshe sana kinywa kwa maji. Sukari iwe pamoja na chakula, si kila saa. Usilaze mutoto na biberoni ya chai ao ya maziwa yenye sukari. Akiwa na kiu, mupe maji safi.

KUMBUKA

Sima inashika jino gumu, jino safi, jino lisilo na mate. Tundu dogo, sima ya kukaa. Tundu kubwa, sima ya kuvunjika. Mutoto wa miaka sita, angalia nyuma kabisa ya kinywa chake.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA PAMOJA MUKINGOJA KIPIMO

1. Sima ya kioo inashika kitu gani katika jino?
2. Sababu gani muganga anatia pamba kando ya jino?
3. Sababu gani pengine anatupa sima aliyokwisha kuchanganya?
4. Ni jino gani linalotoka kwa miaka sita, na sababu gani tusiliite la maziwa?
5. Leo, ukifika nyumbani, utafungua kinywa cha mutoto gani wa kwanza?

Mungu awabariki ninyi na watoto wenu.